Nani mwenye wajibu wa kupanga usafiri wa abiria Mbeya: Jiji, Mkoa au LATRA?

Binti wa Uyole aliuliza:

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za wakati huu. Ninaishi katika mtaa mmoja ulioko kwenye miinuko ya upande wa Uyole, kilomita sita hivi kutoka barabara kuu ya TANZAM, ile iendayo Zambia. Jina la mtaa naliacha kwa makusudi, kwa sababu ninaamini wakazi wa mitaa mingi ya pembezoni mwa Jiji la Mbeya watajiona humu. Miaka mitatu iliyopita tulijengewa zahanati, kisha shule yetu ya sekondari ikaongezewa madarasa, na kwa yote mawili tunashukuru kwa dhati. Kinachotushinda ni kufika. Zahanati iko ng'ambo ya korongo ambako hakuna gari la abiria linalokwenda, na watoto wanaosoma sekondari hutembea saa nzima gizani asubuhi, tena katika baridi ya Juni ambayo kila aliyekulia huku anaijua.

Mama yangu ana shinikizo la damu na kila mwezi hutakiwa kliniki katika hospitali iliyoko mjini. Siku hiyo huamka saa kumi usiku. Bodaboda ya kumshusha hadi Uyole ni shilingi 2,000 wakati wa kiangazi na 3,000 utelezi ukianza, halafu ndipo apande daladala. Zipo gari mbili zenye jina la mtaa wetu zilizoandikwa ruti ubavuni, lakini huonekana alfajiri tu. Ikishafika saa tatu asubuhi zinakatisha ruti na kugeuzia Uyole, kwa hiyo kurudi ni bodaboda tena au miguu, na mama ana miaka sabini na moja.

Nimezunguka ofisi tatu za umma, ambazo sitazitaja. Ya kwanza iliniambia kuwa gari hazipandi kwa sababu ya barabara, hivyo niende kwa wenye barabara. Ya pili iliniambia kuwa barabara imo kwenye bajeti, ila kuhusu gari niende kwa wanaotoa leseni. Ya tatu ilisema leseni zimetolewa na kilichobaki ni wenye magari kutimiza masharti. Kila mmoja alinijibu kwa heshima na huenda kila mmoja alisema kweli, lakini nilirudi nyumbani bila kujua ni meza ipi yenye jukumu la kuangalia kwamba mtu wa mtaa wangu anafika zahanati. Swali langu ndilo hilo: kisheria na kiutaratibu, ni nani anayepanga usafiri wa abiria katika mkoa wetu, na sisi wananchi tunaingilia mlango gani?

Mstaafu wa Mipango alijibu:

Marahaba, binti. Nilifanya kazi katika idara za mipango za halmashauri mbili za Nyanda za Juu Kusini hadi nilipostaafu, na nikiri kwamba swali lako ndilo ambalo sisi wenyewe hatukulijibu ipasavyo tukiwa kazini.

Tuanze na mkoa. Watu wengi hudhani mkoa una halmashauri yake yenye madiwani na bajeti ya huduma. Hauna. Kwa Sheria ya Tawala za Mikoa Na. 19 ya mwaka 1997, mkoa una Mkuu wa Mkoa na sekretarieti inayoongozwa na Katibu Tawala, ambayo kazi yake ni kuratibu, kushauri na kusimamia. Wenye madiwani, sheria ndogo na makusanyo yao ni halmashauri, ambazo kwa Mkoa wa Mbeya ni saba: Jiji, Mbeya, Rungwe, Busokelo, Kyela, Mbarali na Chunya. Hivyo ukisema “mkoa utupangie usafiri,” unamwomba mratibu afanye kazi ambayo hakupewa mafungu ya kuifanya.

Barabara nazo zimegawanywa. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za wilaya, za mitaa na za vijijini ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017 na kuchukua kazi iliyokuwa ya idara za ujenzi za halmashauri. Magari ya abiria yanadhibitiwa na LATRA, iliyoundwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019 kurithi shughuli za nchi kavu zilizokuwa za SUMATRA, mamlaka ya zamani ya usafiri wa nchi kavu na majini: hutoa leseni, huweka nauli kikomo na huadhibu wanaokatisha ruti. Bodaboda na bajaji leseni zake zimekasimiwa kwa halmashauri. Stendi na maegesho ni ya halmashauri pia. Zahanati yako ni ya halmashauri, na shule yako vilevile.

Tazama sasa mwanya ulipo. LATRA hupokea maombi: mwenye gari anakuja, anaomba njia, anapewa leseni. Asipokuja mtu kuomba njia ya mtaani kwenu, hakuna fomu inayojazwa mahali popote kuonyesha kwamba wakazi elfu kadhaa hawana gari. Halmashauri, inapopanga zahanati, hujaza idadi ya watu, ukubwa wa kiwanja, umbali kutoka kituo kingine cha afya. Umbali huo hupimwa kwa kilomita, na sikumbuki hata mara moja tukiulizana mgonjwa atapanda nini. Nilikaa kwenye vikao hivyo kwa miaka mingi na sikuuliza, na jambo hilo linanisumbua hadi leo.

Kuna ugumu mwingine ambao ni wa Mbeya hasa. Jiji letu limebanwa kati ya safu za milima, limerefuka kufuata barabara ya TANZAM kama kamba, na mstari huo wa daladala wa Uyole, Mwanjelwa hadi Mbalizi ndio uti wa mgongo wa kila kitu. Lakini Mbalizi haiko ndani ya Jiji. Iko Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya, pamoja na Uwanja wa Ndege wa Songwe. Kwa maneno mengine, safari ya kawaida kabisa ya mfanyabiashara wa Mwanjelwa inavuka mamlaka mbili, na hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kuipanga peke yake. Hapo ndipo mkoa ungefaa kweli, kwa sababu kuratibu ndiyo kazi yake.

Mlango wa kuingilia upo, nao huanzia chini. Hoja itolewe kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa na iandikwe kwenye muhtasari. Kutoka hapo iende Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani wako ni mwenyekiti wake na mtendaji wa kata ni katibu. Kamati ikiiridhia, inapanda halmashauri. Angalia kalenda: mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini vipaumbele vya kata hukusanywa miezi mingi kabla, kwa hiyo hoja inayofika Machi imechelewa. Peleka kabla ya Desemba. Usiandike “tunaomba usafiri,” kwa sababu hakuna kifungu cha bajeti chenye jina hilo. Andika vitu vitatu tofauti, kila kimoja na mwenye nacho: sehemu korofi za barabara kwa TARURA, ombi la njia kwa LATRA na nakala yake kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, na eneo la kituo na la kugeuzia gari kwa halmashauri.

Usukani Miaka 14 alijibu:

Mzee ameeleza upande wa ofisi vizuri sana, nami naomba kueleza upande wa usukani, kwa sababu sisi madereva ndio tunaotukanwa kituoni na sijawahi kuona mtu akiandika hesabu zetu zilivyo.

Nimeendesha Hiace na baadaye Coaster katika njia za Mbeya kwa miaka kumi na minne. Dereva wa daladala kwa kawaida hana mshahara. Tajiri, yaani mwenye gari, anataka hesabu yake kila jioni, kiasi ambacho hakibadiliki mvua inyeshe isinyeshe. Ndani ya siku hiyo dereva anaweka mafuta, analipa ushuru wa stendi, na kinachobaki juu ya hesabu ndicho anagawana na konda. Nauli ya njia fupi isiyozidi kilomita kumi ni shilingi 600 tangu LATRA ilipotangaza nauli mpya zilizoanza Desemba 2023, na mwanafunzi analipa 200. Sasa fikirieni mlima wa kilomita sita wa vumbi na mawe. Alfajiri ninashuka nimejaza, kwa hiyo safari inalipa. Saa nne ninapanda nikiwa na akina mama watatu na gunia la mbolea, gia ya kwanza na ya pili mwanzo mwisho, mafuta yanakwenda maradufu, na springi ikikatika fundi hanidai nusu kwa sababu nilikuwa natoa huduma. Muda huohuo mwenzangu aliyebaki lami kati ya Uyole na Mwanjelwa amekwisha kwenda na kurudi mara mbili.

Sitetei kukatisha ruti. Ni kosa, na nimewahi kulipa faini yake kwa haki. Ninachosema ni kwamba faini peke yake inamfanya dereva aikimbie njia hiyo moja kwa moja na kuomba kubadilishiwa, na ndivyo njia nyingi za milimani zilivyokufa. Halafu bajaji zikaingia. Sisi wa daladala tuligombana nazo, tukagoma, na bado ninaamini kwamba kuziacha ziende sambamba nasi kwenye lami si haki; lakini huko juu kwenye mitaa, bajaji inayobeba watatu ingelipa mahali ambapo Hiace hailipi. Leseni zake ziko mikononi mwa halmashauri. Basi halmashauri izipangie kazi ya kupandisha watu kutoka vituo vya lami kwenda mitaani, badala ya kuzipa namba na kuziacha zigombee abiria walewale wa barabara kuu.

Na kuhusu wanafunzi, wenzangu wengi huwakwepa kwa sababu viti kumi vya shilingi 200 havifikii viti vinne vya 600. Mtoto hana kosa katika hilo. Serikali imepanga nauli ya mtoto iwe ndogo, jambo ambalo ni jema, lakini tofauti yake inatoka mfukoni mwa dereva na konda. Kama tofauti hiyo ni huduma ya umma, ilipwe kama huduma ya umma, hata kwa kupunguziwa ushuru wa stendi kwa gari linaloonyesha kwamba linabeba wanafunzi.

Msomi wa Ugenini alijibu:

Nimezaliwa Mafinga na nilisoma miaka miwili Wellington, Nyuzilandi, ambako nilikutana na jambo linalofanana kabisa na swali la dada. Kule mkoa una halmashauri yake iliyochaguliwa na wananchi. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Usafiri wa Nchi Kavu ya mwaka 2003, kila mkoa lazima uwe na mpango wa usafiri wa nchi kavu ulioandikwa, unaotayarishwa kila baada ya miaka sita na kupitiwa katikati, na kamati inayouandaa huwa na wajumbe wa halmashauri ya mkoa, halmashauri ndogo zilizo ndani yake na wakala wa barabara wa taifa. Halmashauri ya mkoa ndiyo inayochora njia za mabasi na ratiba, kisha inaingia mkataba na kampuni za kuziendesha. Fedha hutoka katika nauli, kodi za majengo za mkoa na mfuko wa taifa wa usafiri. Mwenye gari halazimiki kukimbizana na abiria, kwa sababu analipwa kwa kuitimiza njia aliyopewa.

Sitaki mdhani kwamba kule kila kitu kinakwenda sawa. Mwaka 2018 halmashauri ya mkoa wa Wellington ilibadilisha mtandao mzima wa mabasi kwa mkupuo, na malalamiko yakawa makubwa: mabasi kutofika, kujaa, na watu waliokuwa wakipanda gari moja kulazimika kubadilisha njiani. Wananchi walikasirika, na jambo hilo likafikishwa hadi kwenye kamati ya Bunge. Kilichonigusa ni kwamba hakuna aliyekuwa na shaka alalamike kwa nani. Mpango ulikuwa umeandikwa, ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe aliitwa ajieleze. Dada wa Uyole alizunguka ofisi tatu, na pengo hilo linaniumiza kuliko tofauti ya ubora wa mabasi.

Ninafahamu hatuna kodi za namna hiyo, wala sidai Mbeya inunue mabasi. Lakini karatasi yenye ramani, inayoonyesha kila kata ya Jiji, gari la mwisho linafika wapi na saa ngapi, na vituo vya afya na shule viko upande gani wa mstari huo, haihitaji fedha za mfuko wa taifa.

Muuguzi wa Busokelo alijibu:

Ninaandika kwa kifupi kwa kuwa niko zamu. Huku kwetu mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Mei, na udongo wa milima ya Rungwe ukishalowa hata bodaboda hushindwa. Mkandarasi wa matengenezo akipata mkataba Septemba au Oktoba, anaingia barabarani pamoja na mvua, anamwaga kifusi, na kufikia Februari kimeshuka mtoni. Ninaomba wanaopanga wazingatie kwamba sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, na kwamba miezi ya kazi ya barabara ni kuanzia Juni hadi Oktoba tu. Mwaka wa fedha unaoanza Julai ungetufaa sana kama mikataba ingekuwa imesainiwa wakati huo.

La pili, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Mtu anaweza kudhani hatuna mfano wa serikali kulipia safari ya mwananchi. Tunao, ni m-mama. Mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga akipata dharura, inapigwa namba 115 bila malipo. Gari la wagonjwa lisipopatikana, anaitwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa kutoka jamii hiyohiyo, anampeleka mgonjwa, na hulipwa kwa safari hiyo bila mgonjwa kutoa nauli. Nimeona wanawake wakifika wakiwa hai kwa sababu ya utaratibu huo. Basi tayari tunajua namna ya kusajili dereva wa mtaani, kumpa kazi ya umma na kumlipa kwa umbali. Siku ya kliniki ya wazee na wenye magonjwa ya kudumu hujulikana mwezi mzima kabla, na kwa hakika ni rahisi kuipangia gari kuliko uchungu wa usiku wa manane.

Mstaafu wa Mipango alijibu tena:

Muuguzi amenifundisha, kwa maana nilikuwa nikiifikiria m-mama kama jambo la afya pekee. Kwa kijana wa Mafinga, ramani uliyoisema ninaiunga mkono, lakini uangalifu unahitajika kuhusu nani aichore. Ikichorwa na Jiji peke yake, itaishia kwenye mpaka kabla ya Mbalizi. Kipo chombo ambacho tayari kinawakutanisha wahusika karibu wote, nacho ni Bodi ya Barabara ya Mkoa, inayoongozwa na Mkuu wa Mkoa na kuwajumuisha wabunge, mameya na wenyeviti wa halmashauri. Kwa desturi kikao hicho hujadili lami, madaraja na makaravati. Hakuna kinachozuia kuwasilishwa kwake taarifa ya LATRA ya njia zilizoombwa na njia zilizokufa, ili barabara ya kuchongwa kwanza iwe ile ambayo gari litapita kesho yake.

Upo pia upanuzi wa barabara ya njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, kilomita 29, ambao ni sehemu ya mradi mkubwa wa Igawa hadi Tunduma. Njia nne zikikamilika, mama wa Uyole atakuwa na barabara pana zaidi ya kuvuka akishuka upande usio wake. Vituo vya daladala, vivuko na sehemu za bajaji kusubiri abiria wa milimani huulizwa mchoro ukiwa bado mezani au mkandarasi akiwa bado eneo la kazi. Baada ya hapo mtaambiwa msubiri awamu nyingine. Uyole imekuwa jimbo lake tangu uchaguzi wa 2025, kwa hiyo mbunge mnaye wa kumpa hoja hiyo aingie nayo kwenye Bodi.

Na wewe dereva, shauri lako la bajaji limo ndani ya uwezo wa sheria ndogo za Jiji. Lipelekwe Kamati ya Mipango Miji na Mazingira kupitia kwa diwani. Nisingeliunga mkono bila sharti la taa na idadi ya abiria, maana miteremko ile ninaijua, na nimewahi kuzika ndugu kwa ajili yake.

Binti wa Uyole alijibu:

Nawashukuru mno. Nimeyasoma majibu yote mara mbili na nimemsomea mama. Lile la muuguzi aliniomba nilirudie.

Nimezungumza na mwenyekiti wetu wa mtaa na amekubali jambo hili liwe ajenda katika mkutano ujao wa wakazi. Kabla ya hapo tumekubaliana, mimi na walimu wawili na kijana mmoja wa bodaboda, kuhesabu watu kwa siku tano za wiki. Tutakaa pale njia panda ya kushukia Uyole kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili asubuhi, na tena jioni. Tutaandika wanaotembea, wanaopanda bodaboda, wanafunzi wenye sare, wazee, na waliobeba watoto wa kliniki, bila kuandika jina la mtu. Tutaandika pia saa ambayo kila daladala imepanda na mahali ilipogeuzia. Kijana wa bodaboda amependekeza tutie alama kwenye sehemu nne ambazo gari hukwama, na tumepima moja: ni hatua arobaini tu za tope, na hizo ndizo zinazowagharimu watu shilingi elfu moja ya ziada kila siku ya mvua.

Barua zitakuwa tatu, kama mzee alivyoelekeza, na nakala ya hesabu itaambatishwa kwa kila moja. Ninaomba kuuliza jambo moja la mwisho kabla hatujaanza Jumatatu: je, tuwahesabu pia wale waliotaka kwenda wakashindwa? Jirani yangu ana mguu mbovu na hajashuka mjini tangu Pasaka, na kwenye njia panda hatutamwona.

Mstaafu wa Mipango alijibu:

Wahesabuni. Piteni nyumba kwa nyumba Jumamosi na daftari la pili, na liwekeni juu ya lile la kwanza.